Missenyi ya Mwaka 2078: Hesabu ya Miaka Mia Moja Tangu Vita

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika hafla ya harambee ya mwaka, Dar es Salaam



Tumepewa dakika ishirini kati ya chakula na ahadi, na tunajua kwamba hakuna anayependa mhasibu azungumze wakati huo. Kwa kawaida kamati ya fedha husimama hapa kusoma mapato na matumizi. Mwaka huu hesabu zilizokaguliwa zimechapishwa katika kijitabu mlicho nacho mkononi, na mkaguzi ametia sahihi. Hatutazirudia. Tunaomba ruhusa yenu tufanye hesabu ya aina nyingine, ambayo chama chetu hakijawahi kuifanya: nyumbani kwetu kutakuwaje mwaka 2078?

Hatukuuokota mwaka huo barabarani. Vita vilitufikia Oktoba 1978. Mwaka 2078 vitatimiza miaka mia moja. Leo tuko mwaka wa 47, yaani bado kidogo tufike katikati ya safari. Mtoto anayeanza darasa la kwanza Kassambya mwaka huu atakuwa na umri wa karibu miaka 60 siku hiyo, mtu mzima mwenye wajukuu. Hatuzungumzii basi watu wa kufikirika. Tunazungumzia watoto ambao tumewanunulia madaftari Januari iliyopita.

Kilichovunjwa kwa wiki chache

Wengi wetu katika kamati hii tulizaliwa miaka ile ile ya vita au baada yake kidogo. Tulichonacho ni simulizi za wazazi na yaliyoandikwa. Lakini vijana waliopo hapa hata simulizi hawakuzipata vizuri, kwa hiyo tuzikumbushe kwa ufupi.

Mpaka wetu na Uganda ni mstari ulionyooka uliochorwa na wakoloni kufuata digrii moja kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliuvuka mstari huo, yakashika eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera: Mutukula, Kassambya, Bunazi, Minziro, Kakunyu na kwingineko. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda na kwamba mto ndio mpaka. Siku chache baadaye Daraja la Kyaka likavunjwa. Watu wetu walitawanyika. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba waliokimbia walikuwa zaidi ya 40,000, na raia waliouawa au kupotea walikuwa wapatao 1,500. Ng'ombe waliswagwa kwa maelfu kuvushwa mpaka, wa wananchi na wa ranchi ya Missenyi. Mradi wa kiwanda cha sukari ukaporwa mitambo. Nyumba zilibomolewa, makanisa yakapigwa, maduka yakabaki kuta.

Novemba hiyohiyo majeshi yetu yalianza kurudisha ardhi yetu. Januari 1979 yakaiteka Mutukula ya upande wa pili, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. Yaani hata jina tunalolitaja tunapoulizwa tunatoka wapi limetokana na vita vile.

Tukubali na yaliyojengwa, maana mhasibu anayeandika hasara peke yake anadanganya sawa na anayeandika faida peke yake. Daraja lilijengwa upya. Kiwanda cha sukari kilifufuliwa, kikayumba, kikabinafsishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo ni miongoni mwa vinavyozalisha sukari nyingi nchini. Lami imefika Mutukula, na nyingine inatoka Kyaka kwenda Bugene. Wilaya yetu ilipata kusimama yenyewe mwaka 2007. Hivi vyote tumeviona kwa macho.

Kilichoendelea kuvunjika baada ya bunduki kunyamaza

Lakini kuna hasara ambazo hazikuandikwa popote, nazo ndizo zinazotuhusu leo usiku.

Chukueni ng'ombe mmoja aliyeporwa. Kwenye karatasi anaandikwa ng'ombe mmoja, thamani yake kadha wa kadha, basi. Sasa tumfuate nyumbani. Kibanja cha kwetu hakikushuka kutoka mbinguni. Mvua zetu ni nyingi na husafisha rutuba ya ardhi. Ukitaka kuona ardhi yetu ilivyo bila kazi ya mtu, tazama rweya, nyasi na udongo usioweza kubeba mgomba. Kibanja kilitengenezwa. Babu na bibi zetu walikata majani rweya wakayatandaza chini ya migomba mwaka hadi mwaka. Ng'ombe alichunga rweya mchana, akalala nyumbani usiku, na asubuhi samadi ikabebwa kwenda shambani. Vizazi vitatu, vinne, udongo ukawa mweusi. Ule udongo ndio ulikuwa benki ya ukoo.

Sasa ng'ombe hayupo. Mwaka wa kwanza mkungu ni uleule. Mwaka wa tano umepungua. Mwaka wa ishirini mgomba unaanguka kwa upepo mdogo, na watu wanasema ni laana au ni hali ya hewa. Waliorudi kutoka ukimbizini waliona nyumba zilizobomolewa, wakazijenga. Benki iliyokuwa chini ya miguu yao ilikuwa inaendelea kutolewa akiba kimyakimya, na hakuna mradi wa dharura uliokuja kuijaza, kwa sababu dharura ilikuwa imetangazwa kwisha.

Kisha ikaja hasara ya watu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu. Nyumbani waliuita Juliana kabla haujapata jina la kitabuni. Hatusemi vita ndivyo vilivyouleta. Tunasema uliwakuta watu ambao tayari walikuwa wamepoteza mifugo, biashara na mpangilio wa maisha, wengi wakihangaika na magendo ya mpakani ili familia ile. Uliwachukua zaidi wale wa umri wa kufanya kazi. Kwa hiyo bibi akabaki na wajukuu, na katikati hakuna mtu. Yule ambaye angemfundisha kijana kukata majani ya mgomba, kupunguza machipukizi, kutandaza nyasi na kujua mpaka wa kibanja unapita kwenye mti gani, ndiye aliyezikwa.

Baada ya hapo mambo hayakutulia. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya siku moja, na mkoa mzima ukabeba mzigo. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama na ndugu zetu. Katikati ya miaka ya 2000 mnyauko ukaingia kwenye migomba. Septemba 10, 2016 tetemeko likapasua nyumba na shule.

Mtu anayepigwa hivi kila baada ya miaka michache anajifunza jambo moja: usipange mbali. Panda muhogo, usipande mhumula. Jenga chumba kimoja, usijenge nyumba. Mpeleke mtoto mjini akatafute, asikae akasubiri. Hili, ndugu zetu, ndilo tunaloliona kuwa jeraha la vita lililokaa muda mrefu kuliko yote. Daraja lilirudi. Kule kutazama mbali hakukurudi sawasawa.

Na chama chetu chenyewe kilizaliwa katika hali hiyo. Tangu mwanzo michango yenu imekwenda panapowaka moto: misiba, mabati, ada, dawa. Ilikuwa haki yake. Nyumba inayoungua hupangi rangi ya kuta. Lakini sasa tunasema, kwa miaka 47 tumekuwa zimamoto. Nani atakuwa fundi?

Wenzetu walipopita

Si sisi wa kwanza kupita njia hii, na ni vizuri kutazama wa mbele yetu wamejikwaa wapi.

Jirani zetu wa kaskazini mwa Uganda, nchi ya Waacholi, walikaa kwenye kambi miaka mingi kwa sababu ya vita vya Lord's Resistance Army. Wakati mbaya kuliko wote, waliohamishwa walikuwa zaidi ya milioni moja na nusu. Kuanzia mwaka 2006 bunduki zilipotulia wakaanza kurudi. Kilichowagombanisha baada ya hapo kilikuwa mipaka. Wazee waliojua mti upi na jiwe lipi ni alama walikuwa wamekufa kambini, vijana walikuwa wamezaliwa kambini, na ardhi imeota kichaka. Amani ilipokuja ikafungua kesi za mashamba, ndugu na ndugu.

Wafaransa nao wana eneo la Verdun. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, sehemu ya ardhi ile ilikuwa imejaa mabomu kiasi kwamba Serikali iliifunga ikapanda misitu. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado mabomu yanaokotwa. Vipo vijiji pale ambavyo havikujengwa tena, havina mkazi hata mmoja, lakini sheria imevihifadhi na kila kimoja kina meya wake, ili jina lisifutike na wafu wawe na mtu wa kuwatunza.

Tumejifunza mawili. Kwa Waacholi: andika mipaka kabla wanaoijua hawajaondoka. Kwa Wafaransa: nchi iliyoharibiwa kwa miezi inaweza kuhitaji miaka mia, na wanaoitakia mema wanapanga kwa miaka mia bila kuona aibu.

Missenyi mbili

Tukiwa wahasibu tumezoea kuandika makadirio mawili, la mambo yakienda kama yanavyokwenda na la tukifanya jambo. Tuyasome yote mawili.

La kwanza. Idadi ya watu wa Mkoa wa Kagera ilikuwa 2,458,023 kwenye sensa ya mwaka 2012. Mwaka 2022 ikawa 2,989,299. Zaidi ya nusu milioni ndani ya miaka kumi, na ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Kibanja kilichogawanywa kwa watoto wanne kitagawanywa tena kwa wajukuu kumi na sita. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga linaingia Tanzania kupitia wilayani kwetu. Umeme wa maji wa Kakono, megawati 87.8, umepangwa kuzalishwa kwenye mto wetu. Malori ya Mutukula yanaongezeka. Fedha zitapita. Lakini fedha inayopita mahali ambapo watu hawapangi mbali huacha baa, pikipiki na mashamba yaliyouzwa. Mwaka 2078 katika kadirio hili, wajukuu wetu ni vibarua kwenye ardhi iliyokuwa ya babu zao, na vita vya 1978 ni sentensi mbili kwenye kitabu cha historia cha darasa la sita.

La pili. Kila kijiji kina ramani na masjala yake ya ardhi, na kila kibanja kina hati yenye jina la mume na mke. Migomba imerudia unene kwa sababu kila kaya ina ng'ombe mmoja au wawili wa ndani na samadi inakwenda shambani kama zamani. Mihumula iliyopandwa mwaka 2026 imeshavunwa mara moja na kupandwa tena. Mibuni mizee imebadilishwa polepole, mstari kwa mstari. Kijana aliyesomea umeme anafanya kazi Kakono na analala kwao. Mpaka wa Mutukula, uliowahi kuwa mahali pa kukimbia, ni mahali pa kuuza, na ndizi zetu, kahawa yetu na maharage yetu vinavuka kwa karatasi halali. Na palipo na mto kuna mahali ambapo majina ya waliokufa yameandikwa yote.

Kadirio la pili si ndoto ya mlevi. Hakuna kitu ndani yake ambacho hakijafanywa mahali fulani. Kinachohitajika ni mtu wa kukaa na jambo moja miaka hamsini bila kuchoka. Serikali hupanga kwa miaka mitano na wahisani kwa mitatu. Anayeweza kupanga kwa hamsini ni ukoo, kanisa, msikiti, au chama kama hiki, kwa sababu hawa hawahami. Kila mmoja aliyekaa ukumbini humu, hata mwenye nyumba Mbezi na kiwanja Kigamboni, anajua atakapozikwa. Ni kibanjani.

Mambo manne tunayoomba mtuunge mkono

La kwanza ni majina. Askari wetu waliokufa vitani wana makaburi ya heshima Kaboya, Muleba, na Taifa huwakumbuka. Raia wa kwetu waliochinjwa, waliozama mtoni wakivuka, waliochukuliwa wasirudi, chama chetu hakina orodha yao. Aliyekuwa na miaka 30 wakati ule sasa ana 77. Tukichelewa miaka kumi, hakuna wa kumuuliza. Tunaomba vijana wetu wa vyuo wapewe nauli, posho na vinasa sauti, waende kijiji kwa kijiji likizo hii na ijayo, wakae na wazee, waandike jina, ukoo, kijiji na kilichotokea. Kazi hii ndiyo ya bei ndogo kuliko zote nne na ndiyo isiyosubiri. Tungependa orodha iwe tayari Oktoba 2028, vita vitakapotimiza miaka 50.

La pili ni mipaka ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaruhusu kijiji chenye cheti chake kutoa hati miliki za kimila, na kuziandikisha kwa jina la zaidi ya mtu mmoja. Tunaomba tuanze na vijiji viwili vya mpakani, tulipie upimaji na masjala, tuone gharama halisi, kisha twende vingine. Wazee walewale watakaohojiwa kuhusu majina ndio watakaoonyesha mipaka, kwa hiyo safari moja itafanya kazi mbili.

Hapa tuseme jambo ambalo wengine hawatalipenda. Hati iandikwe na jina la mama. Wengi wa waliobaki na vibanja baada ya vita na baada ya Juliana ni wanawake, na tumeona walivyosukumwa na mashemeji. Mahakama Kuu ya Mwanza, kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya ya mwaka 1990, katika kesi iliyotoka kwetu Uhayani, ilishasema kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki nayo sawa na mwanamume. Miaka 35 imepita. Chama kisitoe shilingi moja kupima kibanja ambacho mjane atatolewa kesho.

La tatu ni udongo. Tunapendekeza mpango wa kopa ng'ombe, lipa ndama: kaya inapewa mtamba wa kufugwa ndani, na ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jirani. Mpango wa namna hii umekuwapo mkoani miaka mingi na wengi mnaufahamu. Tofauti tunayoitaka ni daftari. Kila mtamba aandikwe, kila ndama aandikwe, na kila kaya inayopokea ikubali mambo matatu: samadi iende kibanjani, ipande angalau mihumula kumi pembezoni, na ifuate taratibu za mnyauko, yaani kukata ua dume kwa uma wa mti, kusafisha panga kwa moto kabla ya kuhamia shina jingine, na kung'oa shina linalougua. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ng'ombe wa 1978 walipotea bila daftari. Hawa wasipotee hivyo.

La nne ni akiba isiyoguswa. Hili ndilo jipya, na ndilo litakalozua maswali, kwa hiyo tuliweke wazi kwa tarakimu.

Hesabu ya shilingi elfu tatu

Chukueni wanachama 200, kila mmoja akitoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Hiyo ni milioni 24 kwa mwaka. Tunapendekeza kila elfu kumi igawanywe: elfu saba zifanye kazi za sasa, ikiwemo yale matatu ya kwanza, misiba na ada, elfu tatu ziende kwenye mfuko wa mwaka 2078.

Elfu tatu kwa wanachama 200 ni shilingi milioni 7.2 kwa mwaka. Kwa miaka 53 tutakuwa tumeweka milioni 381.6. Fedha hiyo ikilala chini ya godoro, mfumuko wa bei utaila. Ikiwekwa kwenye hati fungani za Serikali za muda mrefu, ambazo zipo hadi za miaka 25, na riba yake irudishwe kununua nyingine, tukakadiria kwa tahadhari kwamba itakua asilimia 4 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, mwaka 2078 itakuwa takriban shilingi bilioni 1.25 kwa thamani ya leo. Kwa asilimia ileile, mfuko huo utazaa milioni 50 kila mwaka bila kupunguza mtaji hata senti. Yaani siku hiyo wajukuu wetu watakuwa na zaidi ya mara mbili ya michango yetu ya leo, kila mwaka, bila kupitisha bakuli.

Makadirio si ahadi. Riba hupanda na kushuka, na asilimia 4 inaweza kuwa 3 au 5. Lakini hata ikiwa 3, bado ni bora kuliko sifuri, na sifuri ndiyo tuliyonayo sasa.

Maswali tuliyokwisha kuulizwa

Mama mmoja alituuliza kwenye kikao cha maandalizi: mnataka tuwachangie ambao hawajazaliwa, na zahanati nyumbani haina dawa? Ni swali la haki. Jibu letu ni ile elfu saba. Hatuombi kumnyima mgonjwa wa leo. Tunaomba mgonjwa wa kesho asisahauliwe kabisa, kama tulivyosahauliwa sisi. Fikirini mtu mmoja angeweka mfuko wa aina hii mwaka 1979, hata mdogo. Leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine hapa.

Wengine wanauliza, zikiliwa? Tunaogopa hilo kuliko ninyi, maana sahihi zitakuwa zetu. Ndiyo maana tunaomba mfuko uwe chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, tofauti na uongozi wa chama. Wadhamini wawe saba, wawili kati yao wakae nyumbani na watatu wawe wanawake. Kutoa fedha kuhitaji sahihi tatu. Mkaguzi wa nje abadilishwe kila baada ya miaka mitatu. Na taarifa ya mfuko ichapwe kwenye kijitabu hiki kila mwaka, hata mwaka ambao ni mbaya. Katiba iseme wazi kwamba mtaji haukopeshwi kwa mtu yeyote, awe mbunge, askofu, sheikh au mweka hazina.

Na kuna swali ambalo halisemwi kwa sauti: vita vikirudi? Kamati ya fedha haina jibu la swali hilo. Hata hivyo orodha ya majina inaweza kuhifadhiwa nakala mahali patano. Ramani ya kibanja inaweza kuwa na nakala wilayani na Dodoma. Akiba iliyo kwenye hati fungani haiswagwi kuvushwa mpaka. Kwa mambo hayo, atakayerudi nyumbani baada ya balaa lolote hatarudia sifuri, kama walivyorudia wazazi wetu mwaka 1979.

Ombi letu

Mwaka 1978 Mwalimu aliwaambia Watanzania kwamba sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Alikuwa anazungumzia kumtoa mvamizi, na alitolewa. Kazi ya kuijenga upya nchi iliyovamiwa haikuwahi kutangazwa redioni, wala haikupigiwa gwaride. Ilibaki kwa wenyewe, na wenyewe ndio sisi.

Karatasi ya ahadi iko katikati ya kijitabu. Ina mistari minne, mmoja kwa kila jambo tulilolitaja. Jaza mmoja au yote, kwa kadiri ya mkono wako, na elfu tatu si ndogo. Aliye na mzee nyumbani anayekumbuka vita aandike pia jina la mzee huyo na kijiji chake nyuma ya karatasi, ili vijana wajue waanzie wapi. Kwa kamati yetu, jina hilo ni mchango sawa na fedha. Wakusanyaji watapita mezani baada ya wimbo.

Mungu aibariki Missenyi, aibariki Kagera, aibariki Tanzania.